Usiku kumi na nne kiwandani: nilivyojifunza kutambua nani anahitaji kufundishwa nini

Januari ya mwaka wangu wa pili nikiwa msimamizi wa uzalishaji, mikate ilikuwa inarudi. Kirikuu, kigari chetu kidogo cha mizigo, kikiingia getini asubuhi kutoka Dumila, Mikese na maduka ya Kihonda, nilikuwa nahesabu marejesho kabla sijanywa chai: 140, 165, siku moja 210. Usiku mmoja tunaoka kama mikate 1,500, kwa hiyo hesabu hiyo inauma. Mingine ilikuwa imeota ukungu siku ya pili tu, mingine ina matundu makubwa na inabomoka ukiipaka siagi, mingine inanuka uchachu. Dereva wetu alikuwa ananifikishia maneno ya wenye maduka kwa upole: "Dada, wanasema bora tuwapelekee michache lakini mizima."

Kiwanda chetu ni kidogo, kipo Morogoro, kina wafanyakazi 23. Mimi nilianzia kwenye hesabu ndipo nikapewa uzalishaji. Mambo ya hamira na oveni nilikuwa nayajua kwa karatasi, mikono yangu haikuwahi kuyafanya. Mwenye kiwanda, ambaye sote tunamwita Mama, hata wanaomzidi umri, alikuwa na jibu tayari. "Hawa hawajasoma," aliniambia. "Watafutie semina." Sikumpinga. Nami niliamini hivyo hivyo: kazi ikiharibika, mfanyakazi hajui, na asiyejua afundishwe.

Tukatafuta mkufunzi kutoka Dar es Salaam. Siku mbili, ukumbi wa hoteli karibu na Msamvu, chai asubuhi na pilau mchana. Alifundisha usafi, huduma kwa mteja, na kufanya kazi kwa ushirikiano. Alikuwa mtu mzuri na alijua anachokisema. Watu walisikiliza, wakapiga picha, wakapewa vyeti. Jumatatu iliyofuata ikarudi mikate 158. Fedha tulizotumia siku zile mbili zingetosha kununua friza iliyotumika na chenji ikabaki, na mtaona kwa nini naitaja friza.

Nilidhani kosa langu lilikuwa kuchagua mada bila kuuliza. Basi nikauliza. Nikachapisha dodoso la maswali 12. Je, unajua kutumia mizani ya kidijitali? Je, unajua joto linalofaa la unga uliokandwa? Je, unajua mkate unatakiwa upoe muda gani kabla ya kukatwa slesi? Zikarudi karatasi 23, na karibu kila mahali pamewekwa alama ya ndiyo. Kwa mujibu wa karatasi zile, kiwanda chetu hakikuwa na mtu asiyejua kitu.

Fundi wetu mkuu wa kukanda ni mtu mzima, yuko kwenye mikate miaka 19, tunamwita Mzee. Nilimkuta jioni akifunga aproni, nikamwamkia, kisha nikamwonyesha majibu. Aliyatazama kidogo akanirudishia. "Binti yangu," alisema, "mwezi ujao mikataba inaisha. Wewe umegawa karatasi inayouliza nani hajui kazi. Ulitaka waandike nini?"

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Kila aliyejaza karatasi ile alijaza kama anayeomba kazi upya, na mimi ndiye niliyemweka katika hali hiyo. Kesho yake nikamwomba Mama nihamie zamu ya usiku wiki mbili. Hakufurahi, maana mchana nilikuwa nikimsaidia na mambo ya kodi kule TRA na benki, lakini marejesho yalikuwa yanamuumiza kuliko mimi. Akakubali.

Nilivaa aproni na kofia kama wengine, nikaanzia kuosha trei. Nilikuwa na daftari dogo mfukoni, na nilijiwekea sharti moja: kila nikiona kosa, niandike kilichofanyika, na kando yake niandike kilichokuwa mkononi mwa aliyefanya. Ana chombo gani? Ana karatasi gani mbele yake? Amebakiwa na dakika ngapi? Nusu ya pili ya sharti hilo ndiyo iliyonifundisha karibu kila kitu ninachokijua leo kuhusu mahitaji ya mafunzo.

Usiku wa kwanza nilikaa karibu na mashine ya kukandia. Mzee alimwaga maji ya kisimani, akawasha, na baada ya dakika kadhaa akatumbukiza mkono akatikisa kichwa. Nilikuwa nimenunua kipimajoto cha kuchoma. Nikakichomeka kwenye unga ule: nyuzi 33. Mkate kama wetu hupenda unga utoke mashineni ukiwa kwenye nyuzi 24 hadi 27. Ukizidi hapo, hamira inakimbia, unga unaumuka kabla ya wakati, na hayo matundu na uchachu vinatokea hapo. Nikaandika: unga wa moto. Kando yake nikaandika: hana kipimajoto, hana barafu, stoo ya unga iko chini ya bati lililopigwa na jua mchana kutwa.

Nilimuuliza kama alijua unga una joto sana. Alinishangaa. "Najua tangu mwaka juzi. Niliomba barafu."

Waokaji wana hesabu yao moja rahisi, na nitaieleza kwa sababu ndiyo iliyomshawishi Mama anunue friza ya barafu. Chukua joto unalotaka la unga uliokandwa, zidisha kwa tatu. Toa joto la unga mkavu, toa joto la chumba, toa joto ambalo mashine inaongeza kwa kusugua. Kinachobaki ndicho joto la maji unayotakiwa kutumia. Sisi tulitaka 27, mara tatu ni 81. Unga wa stoo ulikuwa 30, chumba 31, na mashine yetu nilikadiria inaongeza 12. Ukitoa zote unabaki na 8. Maji yetu ya kisima yalikuwa nyuzi 26. Hakuna ufundi wa mkono unaoweza kuyafanya maji ya nyuzi 26 yawe ya nyuzi 8. Mfuko mmoja wa unga wa kilo 50 unakunywa kama lita 29 za maji, na kuyashusha maji hayo mpaka 8 kunahitaji kama kilo 5 za barafu ndani ya kipimo chake. Kwa mifuko minane ya usiku, kilo 40 za barafu. Mzee alikuwa ameomba kitu sahihi, mwaka mzima kabla yangu, akakataliwa, na baadaye tukampeleka hotelini kufundishwa ushirikiano.

Hilo liliniumiza kuliko fedha. Mtu anayejua kazi ukimpeleka kufundishwa anachokijua, unamwambia mbele ya wenzake kwamba hukuwahi kumsikiliza.

Usiku wa tatu nikahamia kwenye slesi. Mikate ilikuwa inatoka ovenini, na mingine ilikuwa inakatwa ingali na mvuke. Ukikata mkate wa moto na kuufunga kwenye mfuko, mvuke unageuka matone ndani ya nailoni, na kesho kutwa ukungu umeshafika. Mkate wa gramu 400 unataka saa moja na nusu mpaka mbili za kupoa. Kina dada wa kufungasha walilijua hilo vizuri, mmoja aliniambia hata kabla sijauliza. Lakini kirikuu kinaondoka saa 10:30 alfajiri, na mikate ya mifuko miwili ya mwisho ya unga ilikuwa inatoka ovenini saa 9 na dakika zake. Wafanyeje?

Nikaanza kurudi nyuma kama anayefuata nyayo. Mikate inachelewa kutoka kwa sababu inachelewa kuingia. Inachelewa kuingia kwa sababu kukanda kunaanza saa 2 usiku. Kukanda kunaanza saa 2 kwa sababu unga unatolewa stoo saa 1:45. Na unatolewa saa hiyo kwa sababu ufunguo ulikuwa wa Mama, na Mama hakutoa unga mpaka afunge hesabu za mauzo na madereva. Ukungu wa Dumila ulikuwa unaanzia kwenye ufunguo. Tulibadilisha utaratibu: Mzee anasaini na kupokea unga saa 10:30 jioni, kukanda kunaanza saa 12. Hatukumfundisha mtu yeyote kitu chochote, na malalamiko ya ukungu yakashuka ndani ya wiki ile ile.

Nilikuwa nimefikisha usiku wa nne na sijaona hata mtu mmoja asiyejua. Nikaanza kudhani labda hakuna. Ndipo nikafika kwenye mizani.

Madonge yetu yanakatwa kwa mkono. Ili upate mkate wa gramu 400 uliookwa unakata donge la gramu 450, maana mkate unapoteza uzito ovenini. Anayekata ni dada mmoja mwepesi wa mikono, anayependwa na kila mtu. Kando yake kuna mizani ya kidijitali iliyonunuliwa baada ya ile ya zamani ya mshale kuvunjika. Nilimtazama saa nzima. Kila donge alilipitisha juu ya mizani, akalitoa, akaliweka kwenye kopo. Hakuwahi kuongeza kipande wala kupunguza. Mkono wake ulikuwa unapita juu ya mizani kama mtu anayepita mbele ya mlinzi.

Nilichukua madonge 20 kutoka kwenye makopo nikayapima upande wa pili wa chumba. Wastani gramu 480.

Ngoja nieleze maana ya gramu 30 hizo. Mfuko mmoja wa unga, ukiweka maji, sukari, mafuta, chumvi na hamira, unakupa kama kilo 85 za unga uliokandwa. Ukikata kwa 450 unapata mikate 188. Ukikata kwa 480 unapata 177. Mikate 11 kila mfuko, mifuko minane, mikate 88 kila usiku iliyokuwa inaondoka bila mtu kuiona, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwa kupewa mkate mkubwa. Kwa hesabu za mwezi, shimo hili lilikuwa karibu nusu ya yale marejesho yaliyokuwa yananikosesha usingizi. Na kwenye dodoso, mbele ya swali la mizani, kulikuwa na alama yake ya ndiyo.

Hapa ndipo nilipoogopa kukosea. Ningesema neno moja mbele ya wenzake, ningempoteza. Nikasubiri mapumziko ya chai, saa 8 usiku, nikakaa naye kwenye ndoo zilizopinduliwa. Nikamwambia mizani ile inanichanganya, na ilikuwa kweli, kitufe cha kuondoa uzito wa sahani sikukijua. Nikamwomba tukaitazame pamoja. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema ile ya mshale alikuwa anaiweza, mshale ukifika kwenye alama aliyochora kwa kalamu basi. Hii mpya inaandika sifuri, nukta, halafu namba, na namba zinachezacheza. Muda mfupi baada ya kuletwa, mikate ilitoka myepesi akagombezwa sana, akaambiwa Wakala wa Vipimo wakija kiwanda kitafungwa kwa ajili yake. Tangu siku ile akaamua bora izidi.

"Nilidhani mkijua, mtaniambia nibaki nyumbani," alisema.

Tulikaa na mizani ile dakika kama 40. Kulikuwa na kitufe kinachobadilisha kilo kuwa gramu, tukakibonyeza, na badala ya 0.450 ikaandika 450, namba aliyoijua tangu shuleni. Nikamwonyesha kuondoa uzito wa sahani. Tukaweka pakiti ya sukari ya kilo moja kuihakiki mizani yenyewe kabla ya zamu, jambo ambalo mpaka leo linafanywa kila jioni. Usiku wa tatu baada ya hapo wastani wake ulikuwa 452.

Pengo lake la ujuzi lilikuwa nukta moja na vitufe viwili. Lilikaa miezi minane. Semina isingeligusa, dodoso lilipita juu yake, na mimi nilikuwa napita hapo kila jioni nikimsalimia.

Tangu hapo nikaona kosa la kazi ni lazima niliulize maswali kabla sijaliita ukosefu wa mafunzo. Mtu huyu ameshawahi kuifanya kazi hii vizuri? Kama ameshawahi, kimebadilika nini, yeye au kifaa? Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa mahali anapoweza kukisoma? Kwetu karatasi ya vipimo ilikuwa ya Kiingereza, imebandikwa na mtaalamu mmoja zamani, na vijana wa zamu ya pili walikuwa wanakisia kiasi cha kiimarishi cha unga. Tuliiandika upya kwa Kiswahili, tukaweka vikombe vyenye alama ya rangi. Je, anapata habari ya matokeo? Waliokuwa wanakanda usiku hawakuwahi kuambiwa mikate mingapi imerudi na kwa sababu gani, kwa sababu wao wanaondoka saa 12 asubuhi na kirikuu kinarudi saa 4. Na akiifanya vizuri, anapata nini? Hili la mwisho liliwahusu madereva. Walikuwa wanaweka mikate mipya mbele ya ile ya jana kwenye rafu za maduka. Walijua ni makosa. Lakini posho yao ilihesabiwa kwa mikate waliyotoka nayo getini, iliyorudi haikuwahusu. Tulibadilisha posho ihesabiwe kwa iliyouzwa. Hakuna somo la kuelezea hapo.

Maswali hayo yote yakiisha na bado kosa lipo, basi hapo mtu hajui, na hapo ndipo fedha ya mafunzo inapostahili kwenda.

Nilifanya kosa jingine, nalo nalisema kwa sababu najua wasimamizi wengi watalifanya. Nilitengeneza bango: majina upande mmoja, kazi upande wa juu, kijani kwa anayeweza, nyekundu kwa asiyeweza. Nikalibandika ukutani karibu na saa. Asubuhi nikakuta mtu amelikunja kwa ndani. Nilielewa. Kijana mwenye nyekundu saba alikuwa anapita mbele yake kila akienda chooni. Nikalibandua, nikawaomba radhi kwenye kikao kifupi kabla ya zamu. Daftari lenye majina nikalifanya langu, na mtu akitaka kuona mstari wake tunautazama tukiwa wawili. Ukutani nikaweka karatasi isiyo na majina. Inasema tu: kazi hii, ni wangapi wanaweza kuifanya peke yao usiku bila kupiga simu?

Karatasi hiyo ilituonyesha jambo ambalo majina yalikuwa yamelificha. Kukanda, wanne. Kukata madonge, sita. Slesi, tisa. Kuwasha na kurekebisha bana ya oveni, kile kifaa kinachopuliza moto wa dizeli, mmoja.

Mwezi Machi huyo mmoja aliugua malaria. Bana ikazima saa 5 usiku. Tulipiga simu, mkewe akapokea, mgonjwa hana hata nguvu ya kuongea. Unga uliokwisha kuumuliwa ulichacha mbele ya macho yetu, mifuko miwili mizima. Nilikuwa nimeiona namba ile wiki tatu kabla na nilikuwa nimeiweka kando nishughulikie kwanza zile nilizoziona kubwa.

Sasa, nani awafundishe wengine? Nilipokuja kwenye swali hili ndipo nilipoliona pengo kubwa kuliko yote, na lilikuwa kwa watu wetu bora. Mzee alikuwa kiongozi wa zamu kwa sababu anakanda kuliko wote. Hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kufundisha. Nilimtazama akimfundisha kijana mpya. "Angalia mkono wangu," anasema, mkono unakwenda haraka, kijana anaitikia. Kijana akishika, akikosea kidogo, Mzee anamnyang'anya anamalizia mwenyewe. Alifundishwa hivyo hivyo, na kwa makofi juu yake. Kwa njia hiyo mtu anakuwa fundi, lakini kwa miaka, na sisi hatukuwa na miaka.

Tulikaa naye tukaipanga upya. Kwanza anafanya polepole huku anasema kila anachofanya. Mara ya pili anafanya tena huku anasema kwa nini. Mara ya tatu kijana anafanya, na kijana ndiye anayesema. Mzee kazi yake wakati huo ni kuweka mikono nyuma. Aliniambia hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kufanya kiwandani, na nilimwona mara mbili akijishika vidole kwa nguvu nyuma ya mgongo. Lakini kijana alipokuwa anasema kwa sauti, ndipo tuliposikia alichokielewa vibaya. Alidhani chumvi inaingizwa mwisho ili kuleta ladha. Alidhani unga ukiacha kunata basi umeiva. Mzee akachukua kipande, akakivuta taratibu kati ya vidole mpaka kikawa chembamba kama utando na mwanga wa taa ukapita bila kukatika. "Hapa," akasema. Ujuzi wa miaka 19 ulikuwa kwenye kipande kile, na haukuwa umeandikwa popote.

Jambo la cheti lilikuja baadaye. Kwa Tanzania mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, tangu mwaka wa fedha ulioanza Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Sisi tuliilipa kila mwezi kama tunavyolipa umeme, bila kufikiria inahusiana na nini. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazini bila kupita chuoni: unapimwa kwa vitendo unachokiweza, wanakuonyesha pale ulipopungukiwa, na ukifaulu unapewa cheti. Tulimpeleka Mzee. Aliazima miwani ya mtu akiogopa kutakuwa na maandishi mengi. Alipimwa kwa kazi yake mwenyewe, akafaulu, na yapo mambo mawili ya usafi wa vifaa waliyomwambia ayarekebishe, ambayo mimi nisingeyaona. Cheti chake kipo nyumbani kwake, amekiwekea fremu. Kile cha hotelini sijui kiko wapi.

Kufikia katikati ya Aprili marejesho yalikuwa kati ya 40 na 60. Sitasema yote ni kazi yetu, maana hali ya hewa nayo ilikuwa imepoa, na unga hausumbui wakati wa mvua kama unavyosumbua Januari. Nilisubiri Januari iliyofuata kabla sijaamini. Joto lilirudi lile lile, friza ilikuwa inanguruma nyuma ya stoo, kipimajoto kilikuwa kimening'inizwa kwenye mashine ya kukandia, na siku mbaya kuliko zote mwezi ule ilirudi mikate 71.

Bado naingia zamu ya usiku, siku tatu kila baada ya miezi miwili, na daftari lile lile. Mashine ikibadilika, mtu akihama kazi, aina ya unga ikibadilika, pengo jipya linazaliwa, na wa kwanza kulijua ni yule aliyeshika kazi, ambaye pia ndiye mwenye sababu nyingi za kunyamaza. Siku hizi sianzi kwa kuuliza nani hajui. Nauliza usiku huu kazi ilikuwa ngumu wapi. Watu hujibu.

Lililobaki ni bana. Fundi wa oveni amepona zamani, lakini kufundisha hataki, na hasemi hataki. Kijana tuliyempangia alikuwa akiambiwa ashike tochi akiwa nyuma ya mgongo wake, haoni chochote. Nilimkalisha nikamuuliza, akanijibu waziwazi: "Dada, nikimfundisha huyu, kesho mtanihitaji kwa lipi?" Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, na sikutaka kumpa la uongo. Nilimpelekea Mama swali lile kama lilivyo. Tumekubaliana kimsingi kwamba anayefundisha alipwe posho ya kufundisha na iandikwe kwenye mkataba wake, ila kiasi bado tunavutana, na mkataba haujasainiwa.

Alhamisi iliyopita bana ilizima saa 6 usiku. Alimwita kijana amshikie tochi. Asubuhi kijana alinifuata ofisini kabla hajabadilisha nguo, mikono ina mafuta, akaniambia safari hii alisimamishwa upande wa mbele.